Saa Sita ya Ofisi

Pikipiki iliiacha lami, ikashuka kwenye mchanga wa mto uliokauka, na Abei akaling'ang'ania koti la dereva kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umebana bahasha kifuani. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi moja, na karatasi hiyo ilitakiwa irudi Kakuma ikiwa na sahihi mbili kabla ya saa kumi na moja jioni. Sahihi ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe. Aliitia alfajiri, Lodwar, juu ya boneti ya gari lililokuwa likisubiri abiria, kwa sababu alijua kwamba akiitia ofisini, juu ya meza yake, mkono ungeghairi.

"Kijiji cha ngapi, mama?" Lopeyok, mwenye pikipiki, aliuliza akishindana na upepo.

"Cha pili. Kwa fundi wa saa, Mkongo."

"Mimi najua barabara. Watu sijui. Hapa kila mwezi iko watu mpya."

Hata Abei hakuwajua. Kakuma aliijua kama anavyojua mfuko wa koti lake, lakini Kalobeyei, na nyumba zake zilizopangwa kwa mistari kana kwamba mtu alizichora kwanza kwa rula, ilikuwa kwake jina kwenye fomu. Miaka yote alikuwa akiwaita watu wa Kalobeyei waje kwake. Leo ndiyo mara ya kwanza yeye kwenda kwao.

Waliuliza njia. Mwanamke mwenye dumu la maji kichwani aliwajibu kwa Kiarabu cha Juba. Lopeyok hakukielewa, akamrudishia kwa Kiturkana, ambacho mwanamke naye hakukielewa, na wote wawili wakanyoosha mkono upande ule ule. Mbele kidogo, kijana wa Kisomali aliyekuwa akipanga sabuni dukani alicheka kabla swali halijaisha.

"Fundi wa saa? Yule msichana wake alichelewa?" Akapiga makofi. "Wallahi dunia! Baba anatengeneza saa za kambi nzima, mtoto hajui saa. Nyumba ya tano, iko saa kubwa mlangoni. Muulize saa ngapi, uone atakavyokasirika."

Lopeyok alicheka naye. Abei alivuta leso akaifunika pua, kama mtu anayekinga vumbi.

Msichana hakuchelewa. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya bahasha.

Jina lake Nabintu, mwanafunzi wa ualimu wa mwaka wa tatu katika kituo kidogo ambacho chuo cha Abei kinakiendesha Kakuma. Karo yake ya miaka miwili ililipwa na wafadhili waliokuja na mabango na kuondoka na mabango yao. Mwaka ule ule walioondoka, mgao wa chakula kambini ulipunguzwa, kisha ukapunguzwa tena, na wanafunzi wakaanza kusinzia darasani saa ambazo hakuna mtu anayesinzia. Abei alikuwa ofisa wa ustawi wa wanafunzi. Kazi yake, ukiuondoa ule wino wote wa barua ya kuajiriwa, ilikuwa kutafuta.

Hakutafuta peke yake. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi wafanyakazi wa Lodwar na wa Kakuma walikutana, na mkutano huo wao wenyewe waliuita kumwaga mkoba. Kila mmoja alimwaga alichonacho au alichosikia. Mwalimu wa hesabu ana kompyuta tatu kuukuu. Mpishi anajua kanisa linalolipia mitihani. Mugure wa maktaba, mwenyeji wa Nyeri ambaye husoma matangazo ya mtandaoni kama wengine wanavyosoma matangazo ya vifo, amepata mpango mpya wa wasichana. Abei aliandika yote ubaoni, kisha akayabeba hadi kwa wanafunzi. Zamani ubao haukutosha, wakaandika hadi kwenye ukuta, na chokaa ya ukuta bado ina alama. Mwezi wa pili mwaka huu ubao ulikuwa na mistari mitatu, na mmoja wa mistari hiyo ulikuwa magunia mawili ya maharagwe.

Mstari wa pili ulikuwa ufadhili uitwao Daraja: nafasi nne, karo yote hadi mwisho, kwa wakimbizi na wenyeji pamoja. Abei aliwasaidia wanafunzi arobaini na mmoja kuandika maombi. Alikaa nao mmoja mmoja, akiwafuta machozi na makosa ya herufi. Majina yaliporudi, Nabintu alikuwa wa kwanza.

Likabaki jambo dogo tu. Wageni wa Daraja wangekuwa Kakuma Alhamisi. Kila aliyechaguliwa alete fomu iliyotiwa sahihi pamoja na vyeti halisi, mwisho adhuhuri. Asiyefika, nafasi yake inakwenda kwa wa tano. Tangazo lilikuja Jumatano jioni, kwa Kiingereza, na Abei akafanya kama afanyavyo siku zote: akaligeuza Kiswahili, akashika simu, akatuma sauti yake katika kundi la wanafunzi.

"Wanangu, hongereni. Kesho Alhamisi leteni fomu na vyeti halisi kituoni. Mwisho ni saa sita kamili. Msiniaibishe."

Watatu walifika asubuhi. Nabintu alifika jioni, nguo zimepigwa pasi, vyeti ndani ya mfuko wa nailoni, zikiwa zimebaki dakika thelathini kwa hesabu yake. Alimkuta mlinzi akifunga lango. Ndege ya wageni ilikuwa imepaa saa nane.

Kwa Mkenya, saa sita ni jua utosini. Kwa mtu wa Bukavu, ambaye Kiswahili chake kilikulia chini ya saa za Wabelgiji, saa sita ni sita, ile namba iliyo chini kabisa ya uso wa saa. Lugha ni moja na jua ni moja, lakini saa ni mbili. Sokoni watu huulizana, hucheka, hurekebishana. Sauti ya simu hairekebishwi na mtu.

Wa tano aliitwa Akoru, binti wa Kataboi, Mturkana. Alikuwa palepale kituoni akisubiri bahati, vyeti mkononi, na bahati ikamjia. Ijumaa asubuhi mtu asiyejitaja aliandika katika kundi: Turkana kwa Turkana. Abei ni wa Lokitaung. Kataboi hana hata shangazi. Lakini nani angehesabu hayo? Na adhuhuri hiyo hiyo Akoru alimpigia simu, sauti inamtetemeka kwa furaha: "Mama, nyumbani wamechinja mbuzi. Wanasema wewe uje."

Abei alikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya ile sauti kukatika.

Mkuu wake, Cheruiyot, si mtu mbaya. Alitoka Bomet miaka kumi na miwili iliyopita na bado hulilaumu joto la Lodwar kila asubuhi kama mtu aliyefika jana. Siku ile Abei alimsikilizisha ile sauti ofisini. Alifumba macho akaisikiliza yote.

"Umesema saa sita."

"Nimesema saa sita."

"Na ni saa sita. Uko sawa kabisa, Mama Abei."

"Niko sawa, naye yuko sawa, Daktari. Ndiyo shida yenyewe."

"Shida ni kwamba hukuituma ile ya Kiingereza vile ilivyokuja. Kila siku nakwambia, tangazo lipite vile lilivyo." Alijipepea kwa faili. "Sasa sikiza. Ripoti ya Daraja inaondoka Jumatatu. Iko na nafasi ya sababu. Andika alichelewa. Neno moja. Huyo msichana hataumia zaidi ya alivyoumia. Ukiandika ofisi ilikosea, watauliza ni nani, na mkataba wako unaisha mwezi huu. Mimi nitausaini vipi, na barua yako mwenyewe iko ndani ya faili?"

Mkataba wa mwaka mmoja, mara kumi na moja. Watoto wawili sekondari, na mama yake Lokitaung, anayeishi kwa kile kinachotumwa kila mwisho wa mwezi. Abei aliyajua hayo bila kukumbushwa.

Lakini alijua jingine pia, na hilo hakuwahi kumwambia Cheruiyot. Alipokuwa na miaka kumi na minne, karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chifu, Lokitaung. Ilikaa pale wiki mbili. Ilikuwa ya Kiingereza, nzuri, ina muhuri. Watu walipita wakaitazama kama mtu anavyotazama picha. Mbuzi akaila kona ya chini. Siku moja dereva wa lori la unga, aliyekuwa akisubiri gurudumu lizibwe, akaisoma ili kupoteza muda, kisha akamgeukia mwanamke aliyekuwa ameketi kivulini na kumwambia kwa Kiturkana cha kuokoteza kwamba wasichana sita watalipiwa sekondari, na zimebaki siku mbili. Mwanamke yule alikuwa mama yake Abei. Aliinuka bila hata kukung'uta mchanga.

Wasichana wengine wa rika lake waliolewa mwaka ule. Abei alikwenda shule kwa sababu ya gurudumu lililopasuka. Tangu hapo aliamini kwamba tangazo lisilosemwa kwa lugha ya watu ni chakula cha mbuzi, na kila tangazo lililopita mikononi mwake alilisema: kwa Kiturkana, kwa Kiswahili, na penye ulazima kwa vidole. Kwa imani hiyo wanafunzi wengi walipata walichopata. Na kwa imani hiyo hiyo, Jumatano jioni, alimfungia Nabintu mlango.

Usiku wa Jumapili hakulala. Jumatatu alfajiri aliandika: Kosa ni langu.

Saa kubwa ya ukutani ilikuwa imetundikwa mlangoni, kama alivyosema kijana wa sabuni. Chini yake, nyuma ya meza iliyojaa mikanda, betri na vioo vya simu vilivyopasuka, aliketi mwanamume mwembamba mwenye kioo cha kukuzia kimefungwa jicho moja kwa mpira. Byamungu, fundi mwenyewe, hakuinuka. Alimtazama Abei kwa lile jicho kubwa, kisha kwa lile dogo.

"Ejok, baba," Abei alisema, salamu ya Kiturkana, kwa mazoea tu, kisha akajirekebisha: "Habari za hapa, Baba Nabintu. Mimi ni Abei. Wa chuo."

"Nilijua sauti," alisema Byamungu. "Hiyo sauti tuliisikia mara tatu, mama. Mimi, na mama yake, na mutoto mwenyewe. Mara tatu, juu tusikosee." Akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa."

Lopeyok alibaki na pikipiki yake kivulini. Abei aliketi. Mwanamke alitoka nyuma ya pazia, mkubwa wa mwili na mwenye uso uliochoka, akamsalimu kwa kichwa bila neno, akamletea chai na andazi. Andazi lilikuwa limefungwa kwa karatasi. Abei alilipokea kwa mikono miwili, na macho yake yakaangukia mwandiko.

Aliujua. Aliusoma kwenye maombi ya Daraja, usiku ule walipokaa wakirekebisha. Herufi zimeinama kushoto, kama watu wanaotembea dhidi ya upepo. Hatua za kumfundisha mtoto kusoma, ilisema karatasi. Kwanza, mwalimu asikilize. Mafuta yalikuwa yameshaila hatua ya pili.

"Karatasi ya nini hii, Mama Nabintu?"

"Ya kufungia," mama alijibu. "Alizileta yeye mwenyewe Ijumaa. Daftari zote. Alisema, mama, ulikuwa unanunua gazeti ya kufungia, usinunue tena." Kisha akarudi nyuma ya pazia, na mafuta yakasikika yakichacharika kwenye kikaango.

Abei aliliweka andazi juu ya magoti. Hakuweza kulila, na hakuweza kulirudisha.

"Mimi minataka kukuuliza kitu kimoja," Byamungu alisema. Alisimama, akaitungua ile saa kubwa mlangoni, akaipangusa vumbi kwa kiwiko, akaisimamisha juu ya meza mbele yake kama mwalimu na mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kidole chake kilishuka hadi chini kabisa. "Hii ni ngapi?"

Abei aliutazama mshale wa kufikirika. "Mshale mdogo ukiwa hapo?"

"Ukiwa hapo."

"Kumi na mbili."

"Soma vizuri. Imeandikwa nini?"

"Sita."

"Na hii ya juu?"

"Imeandikwa kumi na mbili. Tunaita sita."

"Mama." Byamungu alivua kioo cha jichoni. "Unaona sita, unasema kumi na mbili. Unaona kumi na mbili, unasema sita. Halafu batoto betu banakuja kwenu kujifunza hesabu?"

Lopeyok, kule kivulini, aliangua kicheko, na hata mama nyuma ya pazia akasikika akiguna, na kwa kitambo kifupi Byamungu mwenyewe alikuwa karibu kutabasamu. Kisha kikapita. Aliilaza saa kifudifudi.

"Kwetu nilikuwa na duka," alisema. "Bukavu, karibu na soko. Wazungu walileta saa zao kwangu. Hapa watu wanapita wananiuliza, fundi, ni saa ngapi, wanacheka. Watoto pia. Siku tatu sasa. Mimi si kitu. Lakini yeye anasikia."

"Miaka sita mko Kenya, baba," Abei alisema polepole. "Mnajua sokoni tunavyohesabu."

"Sokoni, ndiyo."

Sauti iliyofuata ilitoka ndani. "Sokoni, Mama Abei. Lakini wewe si wa soko."

Nabintu alisimama kizingitini, ameshika pazia. Alikuwa amefunga kitambaa hadi kwenye nyusi, na uso wake ulikuwa umevimba kama wa mtu aliyelala sana, ingawa Abei alijua usingizi haukuwa sababu. Aliongea Kiswahili cha chuo, kilichonyooka, na hilo liliumiza zaidi.

"Kliniki wakisema saa tisa, ni tisa ya saa. Wagawa chakula wakisema saa mbili, ni mbili ya saa. Mahojiano yote, kila karatasi, ni ya saa. Nikajiambia, Mama Abei ni wa ofisi. Hawezi kutuma saa ya soko. Nilimaliza kupiga pasi saa nane, nikakaa kitandani nikisubiri. Hiyo saa nane kwenu sijui ni ngapi. Nilikaa tu, nguo zisikunjike."

Abei alitaka kusema neno la Kiturkana ambalo mama yake husema mtoto akianguka. Halina tafsiri.

"Wanasema ulimpa mtu wenu," Nabintu aliendelea. "Mimi sikusema."

"Najua hukusema."

"Lakini nilifikiri."

"Hata mimi ningefikiri."

Simu ilitetemeka mkobani. Abei alilitazama jina, akaipokea palepale, bila kusogea pembeni, maana hakukuwa na pembeni.

"Mama Abei, uko wapi?" Sauti ya Cheruiyot ilijaa kivuli chote. "Mlinzi wa Kakuma ananiambia ulipita na pikipiki. Sitaki kukutisha. Ripoti inaondoka saa kumi na moja, ikiwa na barua yako ama bila barua yako. Saa kumi na moja za Kenya, tafadhali, tusichanganyane tena. Na mkataba wako uko hapa mbele yangu. Kalamu iko juu yake."

"Nimesikia, Daktari."

"Neno moja tu, Mama. Alichelewa. Mimi naomba kama ndugu yako."

"Nimesikia."

Aliirudisha simu. Byamungu na binti yake walikuwa wamesikia kila kitu, naye hakujaribu kueleza. Aliifungua bahasha, akaitoa karatasi, akaiweka mezani kati ya betri na vioo.

"Soma," alimwambia Nabintu. "Iko kwa Kiingereza. Safari hii sikutafsiri. Bila sahihi yako hawaipokei."

Nabintu alisoma amesimama, midomo ikicheza. Aliposhuka hadi katikati alirudi juu, akaanza tena.

"Umeandika kosa ni lako."

"Ndiyo."

"Utafukuzwa?"

"Sitafukuzwa. Sitaongezwa. Ni maneno mawili tofauti, lakini nyumbani yanafika pamoja."

"Na hapa umeomba waongeze nafasi ya tano."

"Nimeomba."

"Wataongeza?"

Abei angeweza kusema labda. Neno hilo lilikuwa tayari ulimini. Miaka kumi na mmoja lilikuwa chombo chake cha kazi kuliko kalamu. "Hawajawahi," alisema. "Mugure amewajua tangu zamani. Anasema wakikubali barua hii, watarudisha orodha ilivyokuwa. Na wakikataa, hakuna kitu."

"Wakirudisha, Akoru anatoka."

"Akoru anatoka."

Mama alikuwa ametoka nyuma ya pazia tena, kijiko cha kukaangia mkononi, mafuta yakidondoka mchangani. Hakuna aliyemwangalia.

"Akoru nilikaa naye benchi moja muhula mzima," Nabintu alisema. "Alinifundisha kusema ejok. Nilikuwa nasema vibaya, wanacheka, yeye hacheki. Anajua kuhusu barua hii?"

"Bado. Nikitoka kituoni nitampigia."

"Utamwambia nini?"

"Sijui, mwanangu. Kwao wamechinja mbuzi."

Abei hakumshawishi. Wala hakumwombea Akoru. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri akiamini kwamba neno "kosa ni langu" lingemwondolea jiwe kifuani, na sasa aliliona jiwe lile lile likitoka kwake na kuwekwa juu ya magoti ya msichana wa miaka ishirini na mitatu. Kama kuna namna nyingine ya kulibeba, hakuijua. Ubao haukuwa na mstari mwingine.

"Baba?" Nabintu aliuliza.

"Mimi ni fundi wa saa," alisema Byamungu. "Usiniulize hii."

Nabintu alivuta karatasi karibu. Alitafuta kalamu kwa macho mezani, kati ya bisibisi na vibanio, hakuiona. Mwishowe akanyoosha kiganja kwa Abei.

"Nipe kalamu."

Alitia sahihi haraka, herufi zimeinama kushoto, kisha akaisukuma karatasi mbali naye kana kwamba ingemuunguza. "Nataka kusoma," alisema, si kwa sauti ya kuomba radhi wala ya kujigamba. "Mungu anisamehe. Nataka kusoma."

"Nami nataka usome," alisema Abei.

Aliirudisha karatasi katika bahasha. Lile andazi alilikunjulia karatasi yake, akalila lote akiwa amesimama, kavu, bila chai, maana kuliacha pale kungekuwa tusi la pili. Karatasi yenye mafuta aliikunja mara nne, akaitia kwenye bahasha pamoja na barua. Mama Nabintu aliona, hakusema kitu.

"Ni saa ngapi, baba?" Abei aliuliza. Aliuliza kwa sababu alihitaji kujua.

Byamungu aliigeuza ile saa kubwa, akaitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kinywa chake kilifunguka kikafunga. Alikuwa akihesabu.

"Yenu," alisema hatimaye, "ni saa nane na nusu."

"Asante, baba."

"Utafika?"

"Kufika nitafika."

Lopeyok alikuwa ameshaiwasha pikipiki. Abei alipanda, akaibana bahasha kifuani kwa mkono uleule wa asubuhi, akamuaga Nabintu kwa kuinua kidevu tu, kama wafanyavyo watu wa kaskazini ambao mikono yao ina kazi. Hakugeuka nyuma. Pikipiki ikapita mbele ya duka la sabuni, ikashuka mtoni, na kwa muda mlio wake ukasikika bila yenyewe kuonekana. Kisha upepo ukauchukua mlio nao.

Pale kivulini Byamungu aliitundika saa mlangoni, akaishusha, akaitundika tena. Nabintu alikaa kwenye kigoda ambacho Abei alikiacha, kikiwa bado na joto, akautazama mto.

Mteja alikuja, mwanamke wa Sudan Kusini na mtoto mgongoni, akaonyesha vidole vitatu. Mama aliopoa maandazi matatu, akayakung'uta mafuta, mkono wake ukaenda kwenye rundo la daftari kando ya jiko. Ukasimama hapo. Alimtazama binti yake. Mteja naye akatazama, asijue anangojea nini.

Nabintu hakuondoa macho mtoni.

"Chana za mwaka wa kwanza," alisema. "Za mwaka wa tatu ngoja kwanza. Ngoja hadi saa kumi na moja."

Mama alilitafuta daftari la mwaka wa kwanza chini ya rundo, akalipata. "Saa kumi na moja ya nani?" aliuliza.

Nabintu alifikiri. "Ya kwao," alisema.

Ukurasa ukachanika.